Ma Edvina Kokugonza, Sauti Iliyobaki Redioni

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tukuteremshe kwenye udongo wa kibanja, nyuma ya migomba uliyoipanda kwa mikono yako, na bado kila alasiri unabisha hodi nyumbani kwako Ijuganyondo.

Wanaosoma kumbukumbu hii watuwie radhi. Wamezoea picha, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, kisha majina ya waliobaki. Sisi tumeshindwa kufupisha. Yaliyotupata mwaka huu hayaingii chini ya picha, na tukiyanyamazia tutakuwa tumekumbuka nusu yako tu. Kwa hiyo tunakusimulia wewe, na wengine wasikie.

Ulizaliwa Kamachumu, Muleba, katika nyumba ambayo enanga haikukosekana ukutani. Baba yako aliipiga kwenye harusi na kwenye vikao vya wazee: ule ubao uliochongwa ukaingia ndani kama beseni refu, nyuzi zimevutwa juu yake kutoka upande hadi upande. Kaka zako hawakuitaka. Uliichukua wewe, wakati ambapo watu walinong'ona kwamba msichana anayekumbatia enanga hatapata wa kumwoa. Alikuoa Protase Kahangwa, mkulima wa kahawa, mtu asiyejua kuimba hata wimbo wa kanisani. Alisema aliisikia sauti yako kabla hajauona uso wako, na uso ulipokuja akaona ni nyongeza.

Hukuwaimba wafalme na vita vyao, ingawa nyimbo zao ulizijua. Uliwaimba wanawake wa Muleba waliobeba kahawa vichwani kuteremka nayo hadi ziwani, na ukawaita kwa majina yao wenyewe, si mke wa fulani wala mama wa fulani. Uliuimba mwaka wa vita vya Kagera, wanaume walipokwenda mpakani na wanawake wakabaki migombani, wakipika kwa moto mdogo ili moshi usipande juu. Vitabu viliwaandika majemadari. Wewe uliwahifadhi waliowasha moto ule.

Nyumbani ulikuwa mtu wa vituko. Kuku wako uliwapa majina ya mawifi zako, na tuliona aibu kuwaita mbele ya wageni. Hukumruhusu mtu aondoke bila kutafuna kahawa kutoka kikapu chako kidogo, hata mgeni aliyekuja kugombana. Hasa aliyekuja kugombana. Ulisema mdomo wenye kahawa hauwezi kupiga kelele.

Na uliporudi kutoka kwenye harusi ya Nshamba au msiba wa Rubya, enanga mgongoni, ulisimama penye uzio ukawaita watu wa kwenu kwa Kihaya, maneno yale yale miaka yote: "Nimefika, waitu. Nani yuko nyumbani?" Mumeo alikuwa ameshakaa barazani tangu alasiri, akijifanya anachambua maharage. Aliinuka, akavaa koti, akaja kukupokea enanga begani. Hakuwahi kumwachia mtoto kazi hiyo.

Uliondoka wakati wa senene. Walikuwa wanakaangwa kila nyumba, na harufu yao iliwafikia waombolezaji waliokaa kwenye majani. Siku ya mazishi Tata, mumeo, aliwashika watu mikono akicheka, akawauliza wametoka wapi na mvua huko ikoje. Katikati ya misa alimwinamia binti yako Annastella akamnong'oneza: "Mama yako yuko wapi? Watu hawajapewa kahawa."

Hapo ndipo tulipojua ulichokuwa unatuficha. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuchujuka zamani, na wewe ulimmalizia sentensi, ulimkumbusha majina ya wajukuu kwa kuwaita kwa sauti kabla hajawasalimu, ukatuambia mzee amechoka tu.

Matanga yalipoanuliwa, Annastella alifunga nyumba yake ya Rwamishenye akahamia kwa baba yake. Alikuwa amestaafu kufundisha historia, mume wake alikwishatangulia, watoto wamekwenda na maisha yao. Alifikiri anakwenda kukaa na baba yake. Hakujua kwamba anakwenda kukaa nanyi wawili.

Alasiri ile ya kwanza alikuwa nyuma ya nyumba anaosha masufuria. Kwa jirani redio ilikuwa wazi, mtu anatangaza bei ya mbolea. Kisha muziki mfupi, kisha kimya kidogo, kisha wewe.

"Nimefika, waitu. Nani yuko nyumbani?"

Sufuria lilimponyoka. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba yule binti wa redio, Sumaiya, alikuja nyumbani mwaka mmoja kabla ya kifo chako, akakurekodi ukiwa barazani. Ulimlisha kwanza ndizi na maharage, ukamkatalia kuwasha mashine mpaka Tata aletewe kiti karibu yako. Baadaye redio ile ya mjini ilifanya wito wako kuwa ufunguzi wa kipindi chao cha utamaduni, na nyimbo zako zikafuata baada yake. Ulipokuwa hai lilikuwa jambo la kucheka. Ulisema, "Sasa nafika nyumbani hata nikiwa nimeshafika." Annastella alikuwa bado anayakumbuka hayo, mikono imejaa povu, aliposikia kiti cha barazani kikisogezwa.

Tata alikuwa amesimama. Alikuwa anahangaika na vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi, Tata?"

"Hukusikia? Mama yako amefika. Ana mzigo."

Alitembea hadi penye uzio, akafungua lango, akasimama ukingoni mwa barabara na mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayengoja kukabidhiwa mtoto. Nyuma yake, kwa jirani, ulikuwa umeanza kuimba. Pikipiki zilipita. Aliendelea kusimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akarudi, akavua koti, akakaa. "Atakuwa amepita kwa jirani kusalimia," alisema.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na siku iliyofuata. Annastella alizima redio ya nyumbani, akaificha kabatini. Haikusaidia. Ulitoka kwenye duka la njia panda. Ulitoka kwenye simu ya kijana wa bodaboda aliyeegesha chini ya mti, kwenye dirisha la fundi cherehani, kwenye gari la mkaa lililosimama kupoza injini. Mtaa mzima uliuliza nani yuko nyumbani, na mtu aliyekuwa nyumbani aliinuka akavaa koti.

Mwanzoni tulisema hakuna ubaya. Mzee anatembea kidogo, anapata hewa. Lakini Annastella hakuwa na amani. Alianza kuiogopa alasiri tangu asubuhi. Alikata mboga huku sikio moja liko barabarani. Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba yeye naye, wito uliposikika, moyo wake uliruka kwa furaha kwanza, kabla ya akili kufika.

Mvua za masika zilipoanza, siku moja alikwenda kuanua nguo, akarudi akakuta kiti kitupu na uzio wazi. Walimtafuta mtaani kote. Kijana wa bodaboda alimkuta mbali, amepita Rwamishenye, analowa, anafuata barabara ya kwenda Muleba. Koti limefungwa mpaka shingoni. Alikataa kupanda pikipiki.

"Edvina amechelewa," alimwambia kijana. "Ameita lakini hajatokea. Atakuwa amelemewa njiani na ule mzigo."

Homa ilimlaza. Byarugaba, mwanao, akafunga duka lake la pembejeo Muleba mjini akaja. Alimwangalia baba yake kitandani, akatoka nje, akamwita dada yake pembeni.

"Dada, hiyo redio izimwe."

"Ya kwetu iko kabatini. Nikazime na ya jirani? Ya dukani? Za bodaboda wote wa Ijuganyondo?"

"Basi nenda inakotoka. Waambie waiache. Sauti hiyo itamuua mzee."

"Ni sauti ya mama yako, Byarugaba."

"Mama yangu nilimzika."

Annastella alimgeukia akitaka kumjibu vibaya, akaona midomo ya mdogo wake inatetemeka. Baadaye ndipo Byarugaba alipotuambia kwamba kule Muleba yeye hufunga duka mapema kila siku, akaingia stoo katikati ya magunia, akakaa huko mpaka kipindi chako kiishe.

Basi Annastella alikwenda. Sumaiya alimpokea kwa heshima, akamwita Mwalimu, akamtafutia kiti kizuri.

"Mwalimu, sisi tuliona tunamuenzi," alisema aliposikia habari. Machozi yalimjaa. "Wasikilizaji wanampenda. Wengine hawajui hata kama amefariki."

"Mnamuenzi kweli, mwanangu. Lakini kuna mtu anayemngoja barabarani."

Sumaiya hakubishana. Wiki ile ile kipindi kilifunguliwa kwa ngoma, sauti yako ikaondolewa yote, wito na nyimbo. Annastella alirudi akiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka kulipia maiti hospitali. Hatukupata neno jingine, Mama. Utusamehe.

Kimya kilichofuata hakikuwa kile tulichokitafuta.

Tata alipona. Alasiri akavaa koti mwenyewe, bila kuitwa, akakaa barazani uso kuelekea kwenye uzio. Ngoma zikapigwa redioni, mtangazaji akazungumza, kipindi kikaisha. "Leo amechelewa," alisema. Siku nyingine akasema, "Watakuwa wamemwomba alale hukohuko." Aliacha kuchambua maharage. Chakula alikigusa akakiacha. Kisha alasiri moja alimwita Annastella, akamwonyesha akae chini karibu na miguu yake, kama alipokuwa mdogo.

"Mwanangu, usinifiche. Mama yako amekufa?"

Kwa miezi yote ile Annastella alikuwa amesema amesafiri, atakuja, yuko njiani. Siku hiyo ulimi ulikataa.

"Ndiyo, Tata."

"Lini?"

"Wakati wa senene."

"Mimi nilikuwapo?"

"Ulikuwapo. Ulitupa udongo."

Aliuinua mkono wake wa kulia akautazama, mbele na nyuma. "Huu?" aliuliza. Kisha akalia. Alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, bila kujifuta. Hakuwa amelia msibani. Annastella alimkumbatia miguu mpaka giza likaingia, akafikiri: sawa, imekuwa mbaya lakini imekwisha. Sasa anajua.

Kesho yake, alasiri, alimwita tena. Akamwonyesha akae chini.

"Mwanangu, usinifiche. Mama yako amekufa?"

Mama, alikuzika upya kila siku. Kila siku habari ilikuwa mpya, na kila siku aliuliza kama alikuwapo, na kila siku aliutazama mkono ule. Annastella alijaribu kurudia uongo wa zamani, lakini hakukuwa na sauti tena ya kuutegemeza, na mzee alimsoma usoni. Tulichokuwa tumekifanya ni kuondoa hodi na kuacha kifo peke yake mlangoni.

Na Annastella mwenyewe alianza kusikia isiyokuwapo. Alikuwa akipita sokoni, wakati wa kipindi ukikaribia, anasimama bila sababu kati ya mafungu ya dagaa, akisikiliza. Watu walimpita wakimgusa bega. Nyumbani aliingia chumbani kwako, akaisogelea enanga ukutani, akahisi kama kuna mtu ametoka kuigusa sasa hivi. Akazishika nyuzi zote kwa kiganja ili zinyamaze, na zilikuwa zimenyamaza tayari.

Ndivyo alivyokuwa siku aliyoingia dukani kwa Nalini kununua vifungo vya koti. Rafiki yako bado yuko palepale mjini, Mama, kwenye duka la vitambaa na mishipi ya kuvulia ulikokuwa ukinunua nyuzi za enanga. Mume wake Kanti alifariki, mwanawe Rajesh yuko Kanada anamsihi amfuate, na maduka ya jamaa zake mtaani yamebadilisha majina yote. Nywele zimekuwa nyeupe. Hakumuuliza Annastella anataka nini.

"Mmemnyamazisha mama yako. Kwa nini?"

Annastella alimweleza kuhusu mvua, barabara ya Muleba, homa. Nalini alisikiliza huku anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa.

"Nimeelewa. Pole sana. Lakini nikwambie kitu, usinicheke. Mimi hapa jioni inapokaribia hakuna anayeingia. Wote waliokuwa wakipita kunisalimia kwa Kigujarati wameondoka au wamekufa. Edvina akiuliza redioni nani yuko nyumbani, mimi nilikuwa namjibu."

"Unamjibu?"

"Kwa sauti. Nasema, Nalini yupo. Nani mwingine ananiuliza?" Aliweka kitambaa rafuni. "Wanawake wa Kamachumu wakija kununua vitenge wananiuliza mimi Ma Kokugonza amekwenda wapi. Wananiuliza mimi, Mhindi. Wanasema bibi zao wako kwenye ule wimbo, na hakuna mahali pengine walipo."

Annastella alitoka pale bila vifungo. Hakwenda nyumbani. Alikwenda redioni, akamkuta Sumaiya anatoka, akamrudisha ndani.

"Ile siku uliyomrekodi mama, unayo yote? Kuanzia mwanzo?"

Sumaiya alitafuta kwenye kompyuta, akampa vifaa vya masikioni. Annastella alituambia kwamba alifumba macho akasikia baraza yetu. Jogoo wa jirani. Kuku, mmoja wa mawifi, akilalamika karibu. Wewe ukisafisha koo. Kisha wito wako: "Nimefika, waitu. Nani yuko nyumbani?" Na kabla ya uzi wa kwanza kulia, sauti ya mwanaume, nzito, yenye kicheko ndani yake:

"Nipo, Edvina. Ingia. Nimekutunzia moto."

Annastella alivivua vile vifaa akavishika mapajani.

"Hii haikusikika redioni."

"Tuliikata, Mwalimu. Ilifunika nyuzi za mwanzo, fundi akasema inachafua." Sumaiya alimtazama. "Nilifanya vibaya?"

"Hapana. Hukujua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anajibu. Irudisheni. Mrudisheni mama, na baba pia, yote pamoja, hata kama inachafua."

Byarugaba aliposikia alimpigia simu dada yake akafoka mpaka pumzi ikamwishia. Siku ya kurudishwa kwako alikuja kutoka Muleba, hakuingia hata ndani, akaenda moja kwa moja kusimama penye uzio, mgongo kwenye mbao, amekunja mikono. Alikusudia kumzuia baba yake kwa mwili. Annastella aliitoa redio kabatini akaiweka barazani, mezani, mbele ya mzee. Tulikuwapo wengi.

Uliita.

Tata aliinuka. Mkono ulikwenda kwenye vifungo. Byarugaba alijisimamisha vizuri pale penye uzio. Na redio ikajibu, kwa sauti ya mwanaume, "Nipo, Edvina. Ingia. Nimekutunzia moto."

Mzee alisimama palepale. Uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tuliona wivu kwenye uso ule, wivu safi wa kijana.

"Yule mwanaume ni nani?"

Byarugaba aliacha uzio akaja mpaka ngazini.

"Ni wewe, Tata."

"Mimi niko hapa."

"Ni wewe. Siku ile walipokuja kumrekodi mama. Ulimjibu."

Enanga ilikuwa imeanza kulia. Mzee aliitazama redio, akainamisha kichwa upande, akasikiliza kwa makini kama anayempima mtu anayetaka kuoa binti yake. Kisha mabega yakashuka.

"Ana adabu," alisema. "Amemwachia moto. Basi amepokelewa." Na akakaa.

Kwa kuwa alikaa, alikusikia. Tangu mwanzo alikuwa anakimbilia uzioni kwa neno la kwanza, akaukosa wimbo. Sasa uliwaita wale wanawake wa Muleba mmoja baada ya mwingine, na ulipofika kwa Kokushubira aliyeteremka na kahawa akiwa na mimba kubwa, Tata aliinua kidole.

"Huyo ni mama yangu. Mimba yenyewe ni mimi."

Byarugaba alikuwa ameketi kwenye ngazi. "Bibi ndiye huyo? Huyo wa wimbo?"

"Hukujua? Unasikiliza nini siku zote? Alifika ziwani, akatua mzigo, akakataa kupanda kilima na mimba akiwa na njaa. Alikaa chini akawaambia wenye maghala, nilisheni. Wakamlisha." Akacheka. Alisimulia mpaka chai ikapoa, kwa mpangilio, bila kupotea njia, na mwanao mwenye duka na sauti kubwa alimsikiliza mdomo wazi. Siku ile hakuuliza kama umekufa. Hajauliza tena.

Tungependa kumalizia hapo, Mama. Lakini tumeahidi kukusimulia yote.

Juzi juzi, mwaka ukikaribia kutimia, Annastella alichelewa sokoni. Alikuwa anapanda kuelekea nyumbani na kikapu cha ndizi, na penye duka la njia panda redio ilikuwa inasema. Uliita. Tata akajibu. Wateja waliendelea kuhesabiana chenji, hakuna aliyegeuza kichwa. Ndipo Annastella alipozisikia sauti zenu kama watu wale walivyozisikia: sauti mbili za wazee wa zamani, mke na mume, zinazotoka mahali pamoja. Hakuna tofauti yoyote kati ya yako na yake. Hakuna kitu katika ile ya baba yake kilichosema kwamba huyu bado yuko.

Alikiweka kikapu chini pale barabarani akakimbia, mwanamke mtu mzima, mstaafu, kanga mkononi, majirani wakimuuliza kuna nini. Uzio ulikuwa wazi. Tata alikuwa kwenye kiti chake, koti limefungwa, kichwa kimelala kifuani. Redio mezani ilikuwa inaimba kwa sauti yako.

Annastella alisimama mbele yake, hakuthubutu kumgusa. Alikitazama kifua. Alitazama mpaka macho yakamwasha. Koti lilikuwa zito, halionyeshi kitu. Kisha kifungo kimoja, kile cha katikati, kikapanda kidogo. Kikashuka.

Mzee alifumbua macho akamwona amesimama, jasho linamtoka, hana kikapu.

"Umemkuta njiani?" aliuliza.

Annastella alikaa chini miguuni pake, akavuta pumzi.

"Nimemkuta, Tata."

"Anakuja?"

"Anakuja. Polepole. Mzigo ni mzito."

"Vizuri," alisema mumeo. "Sina haraka."

Tunakuomba hilo tu, Mama yetu. Tunajua anakungoja, na tunajua sasa kwamba wewe pia unamngoja, maana hakuna anayeita namna ile kila siku asiyetaka kujibiwa. Lakini usimharakishe. Pita kwa majirani kusalimia. Kaa kidogo kwa watu wa Kamachumu, wakuombe ulale hukohuko.

Misa ya kukuombea itasomwa Ijuganyondo, na baada yake watu wote wanakaribishwa nyumbani, ambako kikapu cha kahawa kitapita kwa kila mtu, hata aliyekuja kugombana.

Wanaokukumbuka ni mumeo Ta Protase Kahangwa. Binti yako Annastella. Mwanao Byarugaba na mkweo Kemilembe. Wajukuu zako Aroni na Buberwa. Mawifi zako waliobaki, ambao wamekusamehe kuhusu kuku. Ndugu zako wote wa Kamachumu na Nshamba. Na rafiki yako Nalini wa mjini, aliyetutuma tuandike kwamba yupo.

Alasiri zote tulizobakiziwa, utakapoita, hutakosa wa kukuitikia.